Wanaojinyima Vyuo Kabla ya Kunyimwa

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, magazeti yetu hujaa picha za watahiniwa waliobebwa mabegani na jamaa zao, na baada ya majuma machache mjadala huhamia kwenye swali la nani ameitwa chuo kipi. Wanaozungumziwa huwa ni makundi mawili, waliopata na waliokosa. Lipo hata hivyo kundi la tatu, lisilo na picha gazetini wala safu yake katika takwimu za Wizara ya Elimu. Hao ni wale ambao alama zao zingaliwafikisha katika chuo walichokitamani tangu utotoni, lakini jina la chuo hicho hawakuliandika popote. Hawakukataliwa na mtu yeyote, kwa kuwa hawakuomba. Baada ya miaka kumi au ishirini, wakiwa na kazi zao na watoto wao, ndio utakaowasikia wakisema, "Laiti ningalijaribu."

Ni desturi yetu kuwajibu watu kama hao kwa methali. Majuto ni mjukuu, tunawaambia, mwisho huja kinyume, na hapo tunakuwa tumemaliza. Methali hiyo ina hekima yake, ila inamtwisha mjutaji mzigo wote peke yake. Sehemu kubwa ya mzigo huo, kwa maoni yangu, si yake. Kijana wa Kenya anapojinyima chuo anachokitamani, aghalabu huwa amefuata ishara ambazo sisi wakubwa tumezisimamisha njiani. Na mojawapo ya ishara hizo, ile ya karo, imezidi kufunikwa na ukungu tangu mwaka 2023.

Tuanze na majuto yenyewe. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Thomas Gilovich na Victoria Medvec, walieleza katika makala yao ya mwaka 1995 kwamba kwa muda mfupi mtu huumizwa zaidi na jambo alilolitenda likamharibikia, ilhali anapoyatazama maisha yake kwa upana, yanayomsumbua zaidi ni yale ambayo hakuyatenda. Mwaka 2005 Neal Roese na Amy Summerville waliukusanya uchunguzi wa aina hiyo uliokuwa umefanywa miongoni mwa Wamarekani, wakaona kwamba elimu ndiyo iliyotajwa kwa wingi kuliko mambo mengine yote, yakiwamo ndoa na kazi. Maelezo yao yanafikirisha: majuto hukaa pale ambapo mtu anaamini kwamba nafasi ilikuwapo. Asiyekuwa na njia yoyote ya kufika mahali hajutii kutofika, huhuzunika tu.

Kwa mwanaisimu, jambo hili linaonekana hata katika umbo la sentensi. Kiswahili kina viambishi viwili vya masharti yasiyotimia, -nge- na -ngali-. Kwa mujibu wa sarufi tuliyofunzwa shuleni, -nge- hutumika pale ambapo sharti bado laweza kutimia, na -ngali- pale ambapo wakati umekwisha kupita. (Wazungumzaji wa leo wanavichanganya, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Mtu asemaye, "Ningaliomba Nairobi ningalichukuliwa," ametumia kiambishi kile kile katika vitenzi vyote viwili, na kwa kufanya hivyo amejipa matokeo bila ya kuyagharimia. Sentensi haimdai ushahidi. Aliyeomba akakataliwa hawezi kuitunga, maana jibu analo. Ndiyo sababu majuto ya asiyeomba huwa marefu kuliko huzuni ya aliyekataliwa: hakuna kitu cha kuyakatisha.

Sasa tuitazame kauli nyingine. Mkenya anayezungumzia chuo cha mwanawe kwa nadra husema kwamba mtoto ameomba na kukubaliwa. Husema, "Ameitwa Moi," "Ameitwa Maseno," "Ameitwa Egerton." Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na anayeita hatajwi. Mwanafunzi katika sentensi hiyo ni mtu aliyekaa nyumbani akingoja jina lake lisomwe. Neno la pili tulilo nalo, kuomba, halisaidii sana, kwa kuwa ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa sala na kwa mtu anayenyoosha mkono barabarani. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyowafunga vijana. Nadharia za namna hiyo zimewaponza wengi katika taaluma yangu. Ninachosema ni kwamba kauli hizi zilizaliwa na mfumo fulani, nazo zinatueleza mfumo huo ulikuwaje.

Ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waliteuliwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake cha JAB. Mwanafunzi alijaza fomu akiwa shuleni, kabla ya kuufanya mtihani, akiongozwa na mwalimu aliyezikisia alama zake. Bodi ilipokutana baada ya matokeo, kilichoamua idadi ya watakaochukuliwa kilikuwa hesabu ya vitanda vilivyokuwamo mabwenini. Kiwango rasmi cha kujiunga na chuo kikuu kilikuwa C+, lakini mwenye C+ alijua fika kwamba hicho ni kiwango cha makaratasi, kwa kuwa vitanda vilikwisha kabla ya kumfikia yeye. Palipo na uhaba wa namna hiyo, ushauri wa busara ulikuwa kutafuta mahali popote pa kulaza ubavu. Kutamani chuo fulani kulionekana kuwa ni anasa, kama mtu mwenye njaa anayeulizia aina ya mchele. Kuanzia mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya wanaojilipia karo kamili, waliokuwa na pesa walipata mlango wa kando. Wasiokuwa nazo waliendelea kungoja kuitwa.

Mfumo huo haupo tena. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliiondoa JAB, na mahali pake pakashikwa na KUCCPS. Siku hizi mwanafunzi huchagua mwenyewe, kwa mtandao. Vyuo navyo vimeongezeka: mapema mwaka 2013 vyuo vishirikishi vingi vilipewa hati na kuwa vyuo vikuu kamili, kikiwamo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Katika mtihani wa mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa, waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 tu, na nafasi zilizokuwapo ziliwatosha wote. Katika mtihani wa mwaka 2024 idadi hiyo ilifika 246,391. Zipo hata kozi ambazo hukosa waombaji. Lakini mazoea ya enzi za vitanda hayakuondoka pamoja na JAB.

Mfano ulio wazi ni namna tunavyozisoma alama za miaka iliyotangulia. Katika mtandao wa KUCCPS, kozi huonyeshwa pamoja na alama za mtu wa mwisho aliyechukuliwa katika miaka iliyopita, zilizokokotolewa kwa yale makundi ya masomo ambayo wanafunzi huyaita klasta. Alama hizo ni historia. Zinaeleza kwamba mwaka fulani, kwa kuwa waombaji walikuwa hawa na nafasi zilikuwa hizi, wa mwisho kuingia alikuwa na alama kadha. Waombaji wakipungua, zitashuka, wakizidi, zitapanda. Masharti ya kozi, yaani gredi ya chini inayotakiwa katika somo hili au lile, ndiyo sheria. Alama za mwaka jana si sheria. Hata hivyo, wasikilize watahiniwa wakijadiliana, au hata walimu wao wa ushauri, na utasikia alama hizo zikitajwa kama ukuta. Aliyepungukiwa na nukta chache hujiondoa. Na kwa kuwa wenye alama zinazokaribiana naye hujiondoa kwa sababu ile ile, yawezekana kabisa kwamba kozi hiyo itamchukua mtu aliyekuwa chini yao wote, ambaye kosa lake lilikuwa kutoelewa kwamba anapaswa kuogopa.

Walimu siwalaumu sana. Mwalimu mkuu hupimwa kwa idadi ya wanafunzi walioingia chuo kikuu, na ubao wa shule hauulizi walikwenda chuo gani kusomea nini. Anayeomba mahali pa uhakika huongeza hesabu. Anayejaribu mahali pa juu huihatarisha. Wazazi nao wana hesabu zao za haki. Mama wa Kilifi anayemwambia binti yake achague Pwani badala ya Nairobi anafikiria kodi ya chumba, nauli ya basi mara sita kwa mwaka, na nani atamwuguza mtoto akipata homa. Hayo si mambo ya kuchekwa na mtu aliye na mshahara. Chuo kikuu kilicho karibu na nyumbani kimewasomesha wengi ambao vinginevyo wasingalisoma kabisa.

Msomaji atauliza basi, hasara iko wapi? Kama kijana amesoma, akahitimu, jina la chuo lina maana gani? Swali hili lina majibu ya kitaalamu, na jibu lake si lile ambalo mashabiki wa vyuo vya majina makubwa wangependa kulisikia. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, katika makala yao ya mwaka 2002, waliwalinganisha Wamarekani waliosoma katika vyuo teule na wenzao waliokuwa wameomba na kukubaliwa katika vyuo vinavyolingana na hivyo lakini wakaamua kwenda kwingine. Miaka mingi baadaye, mapato ya makundi hayo mawili yalikaribiana mno. Waliona tena kwamba mapato ya mtu yaliendana na ubora wa vyuo alivyoviomba. Aliyejiona kuwa anastahili kuomba mahali pa juu alikuwa na kitu ambacho hakikutegemea apokewe au asipokewe.

Lau ushahidi ungaliishia hapo, ningaliwaambia wajutao wanyamaze. Lakini Dale na Krueger waliona pia kwamba wapo waliofaidika kwelikweli kwa kusoma katika vyuo teule, nao ni watoto wa familia za kipato cha chini. Mtoto wa daktari atapata mtandao wa marafiki na habari za kazi hata asomee wapi, kwa kuwa anao mezani kwa baba yake. Mtoto wa mkulima mdogo hana mahali pengine pa kuupata isipokuwa chuoni. Kwa hiyo wale wanaopoteza kitu halisi kwa kutoomba ndio hao hao ambao hofu huwashika zaidi. Caroline Hoxby na Christopher Avery walionyesha baadaye kwamba nchini Marekani wanafunzi wengi maskini wenye alama za juu kabisa hawaombi hata chuo kimoja kati ya vile vinavyochuja sana, ingawa vyuo hivyo, kwa kuwa vina fedha nyingi za ufadhili, mara nyingi vingaliwagharimu kidogo kuliko vile walivyovichagua.

Tunao ushahidi wa jambo hilo hata hapa kwetu. Mpango wa KenSAP ulianzishwa mwaka 2004 na mwandishi wa Kimarekani John Manners akishirikiana na Mike Boit, mwanariadha aliyetunukiwa nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kule Munich mwaka 1972. Umewapeleka vijana wa KCSE, wengi wao kutoka familia za kawaida za Bonde la Ufa, katika vyuo kama Harvard na Yale. Vijana wenye akili za namna hiyo walikuwako Bonde la Ufa kabla ya mwaka 2004. Lililokosekana lilikuwa mtu wa kuwaambia kwamba maombi yanawezekana, na kwamba karo haitadaiwa kwao.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Je, yatosha kuwaambia vijana habari? Wamarekani walilijaribu hilo. Shirika la College Board liliwatumia mamia ya maelfu ya wanafunzi vijitabu na maelezo kuhusu vyuo na ufadhili, na matokeo yalikuwa kama kupiga ngoma mbele ya kiziwi: uchaguzi wao wa vyuo haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Chuo Kikuu cha Michigan kilifuata njia tofauti. Kuanzia mwaka 2015 kiliwaandikia wanafunzi wa jimbo hilo wenye alama nzuri na kipato kidogo, pamoja na wazazi wao na wakuu wa shule zao, barua yenye ahadi moja: ukiomba ukakubaliwa, hutalipa karo kwa miaka minne, na hutajaza fomu yoyote ya kuthibitisha umaskini wako. Miongoni mwa waliopata barua hiyo, asilimia 68 waliomba, wakati miongoni mwa wenzao wasioipata walioomba walikuwa asilimia 26. Waliojiunga na chuo hicho waliongezeka zaidi ya maradufu. La kushangaza ni kwamba ahadi hiyo haikuwa na fedha nyingi mpya ndani yake. Wengi wa wanafunzi hao wangalisomeshwa bure hata bila ya barua, iwapo tu wangaliomba. Kilichowabadilisha ni kwamba waliujua uhakika wa karo kabla ya kuomba.

Sasa tuulinganishe uhakika huo na mfumo wetu. Kwa zaidi ya miongo miwili, mwanafunzi aliyeteuliwa na Serikali kwenda chuo kikuu cha umma alidaiwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasomea udaktari au isimu. Vyuo vilifilisika kwa mpango huo, nami nimefundisha katika kumbi zilizobeba ushahidi wa jambo hilo darini. Lakini mzazi aliijua tarakimu. Ilikuwa ile ile kwa Nairobi na kwa chuo kilicho jirani, kwa hiyo karo haikumzuia mtoto kuomba kokote.

Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliiondoa tarakimu hiyo. Kila kozi sasa ina gharama yake kamili, na familia huwekwa katika ngazi kulingana na uwezo wake. Kwa mgawanyo wa ngazi tano, aliye katika ngazi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa asilimia 25, na familia hutoa asilimia 5; aliye katika ngazi ya tano hupata ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na nyumbani kutoke asilimia 40. Wazo la kwamba mwenye nacho alipe zaidi silipingi. Tatizo liko katika mfuatano wa mambo. Mwanafunzi huchagua kozi kwanza akiwa anaiona gharama kamili. Ngazi yake huijua baadaye, akishapangiwa chuo. Maana yake ni kwamba mtoto wa mchuuzi wa samaki, akiwa mbele ya kompyuta, anaona laki kadhaa za shilingi ambazo huenda asidaiwe hata sehemu ya kumi yake, na hana namna ya kulijua hilo wakati anapochagua. Tumewapa maskini ufadhili mkubwa kuliko wa kwanza, kisha tukauficha nyuma ya bei inayowafukuza.

Mahakama nazo zimeongeza mashaka. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba; Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Katika mwaka huo huo wa 2025 Serikali ilitangaza kupunguza karo za kozi. Mtaalamu wa sera ataweza kuifuata mivutano hiyo. Mtahiniwa wa shule ya kutwa huko Marsabit, aliye na siku chache za kuchagua na simu ya kuazima, atafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya gizani, yaani atashika kilicho karibu.

Wapo watakaosema kwamba uhamisho unaruhusiwa, na ni kweli kwamba KUCCPS hufungua dirisha la kuhama chuo au kozi baada ya wanafunzi kupangwa. Lakini anayehama ni yule anayezijua alama zake zinafaa kwingine, na mwenye mtu wa kumweleza hivyo. Kwa asiyeomba kwa sababu ya hofu ya karo, dirisha hilo halina habari mpya yoyote.

Yapo yanayoweza kufanywa bila ya kusubiri mahakama zimalize kazi yake. Wanafunzi waliosomeshwa kwa basari za serikali za kaunti, au za hazina za maeneobunge, au za wafadhili wanaochunguza hali ya familia kabla ya kulipa, tayari hali zao zinajulikana. Umaskini wao ulithibitishwa walipokuwa Kidato cha Kwanza, ukathibitishwa tena kila mwaka. Kuwalazimisha waungoje uthibitisho wa tano, tena baada ya kuchagua, ni urasimu usio na faida kwa yeyote. Watoto hao wangeweza kuwekwa katika ngazi yao mapema, hata kabla ya kuufanya mtihani, na mtandao wa KUCCPS ukaonyesha, kando ya kila kozi, kiasi ambacho familia ya huyu anayeutazama itadaiwa kwa mwaka. Baraza la mitihani lina majina yao. Bodi ya mikopo na Hazina ya Vyuo Vikuu zina kanuni ya kukokotoa ngazi. Shule ina faili ya basari. Kinachotakiwa ni ofisi hizo zizungumze miezi michache kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, badala ya miezi michache baada ya kufungwa, ili binti wa Marsabit anayetaka kusomea sheria aone tarakimu moja iliyo yake, kwa shilingi, wakati jina la chuo anachokitamani bado linaweza kuandikwa.